Majilio: Njia Itengenezwe Wapi?

Kila mwaka, Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea, Kanisa huanza mwaka wake mpya. Padre huvaa zambarau, Utukufu hauimbwi, na kuanzia kanisa kuu la hapa Songea hadi kigango cha mwisho kinachoongozwa na katekista mwenye baiskeli, husikika sentensi moja: tuandae mioyo yetu kwa ajili ya Noeli. Nimeisikia sentensi hiyo tangu utotoni, na sasa nina umri wa miaka sabini na kitu. Sina ugomvi nayo. Lakini mimi nilisomea ualimu, nikafundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya kuwa mkuu wa shule, na mwalimu wa lugha ana ugonjwa wake: sentensi ikirudiwa mno, huanza kuuliza imetoka wapi na inasema nini hasa.

Katika kurasa hizi chache nataka kuyahakiki masomo ya Majilio kama tulivyozoea kuhakiki shairi darasani, yaani kwa kutazama maneno yaliyoandikwa kabla ya kutazama yale tunayopenda yawe yameandikwa. Ndugu msomaji usiye Mkristo, au Mkristo usiyefuata kalenda hii, usiufunge ukurasa. Jambo lenyewe linahusu mahindi, nguo na ada za watoto, na hayo hayana dhehebu.

Nianze na jina. Majilio ni neno zuri sana, na nadhani wale walioliteua walikuwa na sikio jema. Halikutoka katika kuja tupu. Limetoka katika kujia, kule kuja kunakomlenga mtu. Tunasema nimejiwa na wageni, wala hatumaanishi kwamba wageni wamepita barabarani; tunamaanisha wamekuja kwangu, na sasa ni lazima nitafute kuku. Kilatini husema adventus, na Warumi wa kale walilitumia neno hilo kwa mfalme anapouingia mji rasmi. Kaisari Hadriano, aliyezunguka majimbo yake karibu yote, aligongewa sarafu za kukumbuka majilio yake ya namna hiyo. Kwa hiyo Kilatini humtazama zaidi anayekuja na msafara wake, na Kiswahili humtazama pia anayejiwa. Tofauti hiyo ndogo itatufaa huko mbele.

Sasa nije kwenye fungu lenyewe ambalo ndilo mama wa mahubiri yote ya Majilio, sura ya 40 ya Nabii Isaya, ile sauti inayotangaza itengenezwe njia ya Bwana. Chukua Biblia ya Union Version, ile ya mwaka 1952 ambayo nyumba nyingi za Wakristo wa madhehebu mbalimbali zinayo, kisha uweke kidole kimoja kwenye Isaya 40:3 na kingine kwenye Marko 1:3. Utaona kitu cha ajabu. Neno nyikani limehama! Katika Marko, nyikani ndipo alipo mwenye sauti. Mtu yuko nyikani naye analia kwamba njia itengenezwe. Katika Isaya, hatuambiwi mwenye sauti yuko wapi. Nyikani ndipo inapotakiwa kujengwa njia.

Wafasiri hawakukosea. Injili zote nne zilifuata tafsiri ya Kigiriki ambayo Wayahudi waliifanya kabla ya Kristo, na ndani yake neno hilo limefungwa kwenye sauti, jambo lililomfaa sana Yohane Mbatizaji, maana kweli alikaa nyikani. Lakini mwalimu yeyote wa ushairi akilitazama fungu la Isaya ataona jinsi mashairi ya Kiebrania yanavyotembea: kipande cha kwanza husema jambo, cha pili hulirudia kwa maneno mengine. Nyika hujibiwa na jangwa, njia hujibiwa na barabara kuu. Ukimpa Marko neno nyikani likae upande wa sauti, ulinganifu ule huvunjika. Basi kishairi Isaya ana haki, na kihistoria pia ana haki, kwa sababu wasikilizaji wake walikuwa mateka huko Babeli, na kati yao na Yerusalemu palikuwa na jangwa kweli, la mchanga na kiu. Mfalme Koreshi aliutwaa mji wa Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo, na watu wakaanza kuota kurudi. Njia ile ilikuwa ya watu kurudi kwao.

Je, kuhama kwa neno moja kunabadili nini? Kwangu kunabadili karibu kila kitu. Nyika ikiwa ni ya mhubiri, basi yeye ndiye mwenye shida, amevaa ngozi na kula nzige, na sisi tumeketi kwenye mabenchi tukimsikiliza kwa huruma. Nyika ikiwa ni mahali pa kazi, basi tumetumwa. Tena tumetumwa nje, mahali pasipokaliwa, ambapo hapana njia kabisa. Hapo ndipo mahubiri yetu yalipofanya ufundi wa kutisha: yameichukua barabara kuu ya jangwani, yakaikunja kama mkeka, yakaiingiza kifuani mwa mtu. Bonde limekuwa huzuni, mlima umekuwa kiburi, na kazi nzima yaweza kufanyika mtu akiwa amefumba macho.

Watu wa Songea hatuna udhuru wa kutoelewa habari za barabara. Kabla lami haijafika kutoka Makambako miaka ya 1980, mtu aliyesafiri kwa lori wakati wa masika alijua bonde ni nini, kwa sababu alishuka akalisukuma lori kutoka ndani yake. Wenzetu wa njia ya Tunduru walisubiri hadi miaka ya 2010, na mgonjwa wa kule hakuhitaji padre amfafanulie kwa nini palipoinuka pashushwe. (Nikiri kwamba kwa Mmatengo wa Mbinga habari ya milima kusawazishwa ni mbaya kidogo. Yeye ameishi karne nyingi kwa kulima ngoro kwenye miteremko, mashimo yanayozuia mvua isiuchukue udongo. Ukimshushia mlima wake umemwondolea shamba.)

Tena tunajua aina nyingine mbili za kutengeneza njia, na zote mbili zinatakiwa zitushtue tunapolisikia fungu hili. Ya kwanza ni ya wakoloni. Wakati wa Wajerumani babu zetu walitolewa vijijini kwa nguvu kwenda kulima barabara na mashamba ya watu wengine, na kazi ya namna hiyo pamoja na kodi ni kati ya mambo yaliyowasha vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, vita ambavyo mwisho wake kwa Wangoni tunaukumbuka kila tarehe 27 Februari hapa mjini, siku ya mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Katika masikio ya Mngoni, amri ya kujenga barabara ya bwana ilikuwa na sauti ya mnyapara. Mmisionari aliyesoma Isaya mbele ya watu hao alikuwa na kazi kubwa ya kueleza kwamba bwana huyu si yule.

Ya pili ni ya zama zetu wenyewe, nayo ni ile ya ugeni. Kila mtu ameiona. Kiongozi mkubwa akitarajiwa wiki ijayo, greda lililokuwa limeharibika kwa miezi minane hupona ghafla. Mashimo hufukiwa kwa kifusi, mawe ya pembeni hupakwa chokaa, majani hufyekwa mpaka pale msafara utakapogeuzia. Ukiingia mita hamsini ndani ya mtaa, hali ni ileile. Mvua mbili baadaye chokaa imekwenda mtoni Luhira. Nikisikia tuandae mioyo yetu, na nikiona jinsi tunavyoungama kwa foleni ndefu tarehe 23 Desemba halafu tarehe 27 tumerudi tulipokuwa, nayakumbuka yale mawe.

Tugeuke sasa kwa Luka, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwandishi bora wa Majilio kuliko wote. Marko hunyofoa kipande kidogo cha Isaya na kupita. Luka hunukuu kirefu, na mabonde na milima vyote vimo, hadi pale wote wenye mwili watakapouona wokovu. Kabla ya hapo huandika tarehe kama karani: mwaka wa kumi na tano wa Kaisari Tiberio, Pilato liwali, Herode hapa, ndugu yake pale, makuhani wakuu ni fulani na fulani. Vigogo wote hao wametajwa, kisha neno la Mungu likawapita wote likamwendea mtoto wa Zakaria huko nyikani. Mwandishi mwenye kejeli ya upole kama hiyo hastahili kusomwa kwa haraka.

Lakini tunamsomaje? Tangu mpango mpya wa masomo uliotolewa mwaka 1969, Kanisa Katoliki husoma Injili za Dominika kwa mzunguko wa miaka mitatu, na Luka ana Mwaka C, ambao mara ya mwisho tuliuanza tarehe 1 Desemba 2024. Dominika ya pili husomwa Luka 3, aya ya 1 hadi 6. Dominika ya tatu huanza aya ya 10. Msomaji makini atauliza: aya ya 7, ya 8 na ya 9 zimekwenda wapi? Hizo ndizo ambamo Yohane anawaita watu kizazi cha nyoka, anawaambia wasijitape kwamba Ibrahimu ni baba yao, na kuwaonyesha shoka limekwisha kuwekwa shinani. Maneno yanayofanana na hayo husomwa katika Mwaka A kwa Matayo, kwa hiyo siwezi kusema yamefichwa kabisa. Hata hivyo katika Luka kuyakata ni kosa la kifasihi. Aya ya 10 inaanza na swali la umati, basi tufanye nini? Swali hilo ni la watu waliokwisha tishwa. Ukiondoa tishio, swali linabaki likining'inia kama mtoto aliyenyoosha mkono darasani na hakuna aliyesikia somo. Mwanafunzi wangu angeniletea ufupisho wa namna hiyo ningemrudishia daftari.

Na majibu ya Yohane je? Hapa naomba tusome polepole. Umati unauliza, anajibu habari ya nguo: aliye nazo mbili amgawie asiye nayo, na wa chakula vivyo hivyo. Watoza ushuru wanauliza, anawaambia wasitoze zaidi ya kiwango. Askari wanauliza, anawaambia wasimdhulumu mtu wala kumsingizia, na mshahara wao uwatoshe. Nimelihesabu neno moyo katika majibu yote matatu. Halimo hata mara moja. Linakuja katika aya ya 15, mara tu baada ya majibu hayo, na tazama linakuja kufanya nini: watu wanawaza mioyoni mwao kama labda Yohane ndiye Kristo. Wameambiwa habari za nguo, chakula, ushuru na mshahara, nao wanahamia kwenye swali kubwa na tamu la kidini, huyu ni nani. Moyo umekuwa mlango wa kutorokea! Sijui kama Luka alikusudia nicheke hapo, lakini nimecheka.

Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zilipoenea katika parokia zetu, waamini walianza kuyasoma masomo ya Dominika nyumbani kwa zamu, na huko nimesikia uhakiki kupita wa vitabu. Jioni moja ya Majilio, kaka mmoja mwenye elimu nzuri alikuwa akieleza kwamba nguo mbili ni fumbo la fadhila. Mama mmoja mjane, muuza maandazi, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Baba, mbona jambo lenyewe ni doti?" Wanawake wote wakacheka, na sisi wanaume ikatuchukua muda. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vilivyoungana, na mwanamke asiye na fedha ya kununua doti nzima hushirikiana na mwenzake, kila mmoja akapata kipande chake, wakavaa sare. Kwa mama yule Yohane hakuwa amesema fumbo lolote. Alisema kata doti. Tangu siku ile sijapata kusoma maelezo ya aya ya 11 yaliyonishinda kwa usahihi kama hayo.

Nisieleweke vibaya. Wale wanaosema moyo wana hoja, nami ni lazima niiweke mezani kwa haki. Moyo wa Kiebrania si mahali pa hisia tu. Ni mahali mtu anapoamua na kufikiri, na Nabii Yoeli alipowataka watu wararue mioyo yao wala si mavazi, hakuwa anawapa ruhusa ya kukaa bure. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux naye, katika mahubiri yake ya Majilio, alifundisha kwamba kati ya kuja kwa Bwana mara ya kwanza katika unyonge na kuja kwake siku ya mwisho, kuna kuja kwa tatu, kwa siri, ndani ya mtu. Huyo ndiye babu halali wa sentensi yetu. Ila Bernardo aliwaambia hayo wamonaki ambao hawakuwa na kanga ya pili wala debe la mahindi la kumkopesha mtu kwa riba.

Na debe hilo ndilo linalonikaa kooni. Desemba kwetu ni mwezi wa kupanda. Mvua imeanza au inaanza, mbolea inatakiwa, akiba ya ghalani imepungua, na mavuno yako mbali, mwezi wa tano au wa sita. Mkoa huu unasifika nchini kwa mahindi, lakini wapo wanaoyauza yakiwa bado hayajaota. Mwenye shida huchukua fedha au gunia moja sasa, akaahidi kurudisha magunia mawili, pengine matatu, wakati wa mavuno. Kwenye kahawa kule Mbinga jambo hilo lina jina lake, magoma, na viongozi wa serikali wamelipiga marufuku mara nyingi bila kulimaliza. Anayetoa mkopo huo si jambazi wa porini. Mara nyingi ni mtu wa heshima, ana duka, ana kiti chake cha mbele kanisani, na Dominika ya kwanza ya Majilio huenda ndiye aliyechangia mishumaa. Amehimizwa auandae moyo wake, naye ameuandaa. Nani amemwambia habari ya kiwango kilichoamriwa?

Nimetaja mishumaa, basi niseme neno moja juu ya taji la Majilio. Lilianza Hamburg mwaka 1839, kwa mchungaji wa Kilutheri aitwaye Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa na nyumba ya kulea watoto maskini. Watoto walimsumbua kila siku wakiuliza Noeli itafika lini, akawafungia mishumaa kwenye gurudumu, midogo ya siku za kazi na mikubwa minne ya Dominika. Kisa kizuri, na kimeanzia kwenye watoto wenye njaa. Lakini Hamburg mwezi Desemba jua huzama mchana bado haujaisha, na kila mshumaa unaoongezwa ni habari. Songea mwezi Desemba ndipo siku zetu zinapokuwa ndefu kuliko mwaka mzima. Tunawasha mshumaa mbele ya dirisha lililojaa jua na mahindi machanga, kisha mhubiri anatusimulia juu ya giza. Sisemi tuliondoe, watoto wanalipenda. Nasema tunalo andiko la Majilio lililo letu kuliko hilo, na hatulitumii. Ni Isaya 45:8, ambalo kwa mapokeo ya Kilatini ndilo wimbo wa kuingilia wa Dominika ya nne: mbingu ziidondoshe haki kama mvua, na ardhi ifunguke iuchipushe wokovu. Mtu wa Berlin analisoma kama picha. Mkulima wa Namtumbo analisoma huku akitazama wingu. Kwaya zetu, ambazo mwezi mzima wa Majilio huwa mazoezini kwa ajili ya nyimbo za Noeli, zingelitungia fungu hilo wimbo mmoja tu wa maana, wenye mirindimo ya hapa, tungepata kitu cha kuwaimbia na Wajerumani.

Nilisema neno moyo halimo katika majibu ya Yohane. Limo mahali pengine, na hapo ndipo nilipotaka kufika. Katika Luka 1:17 malaika anamwambia Zakaria mtoto wake atafanya kazi gani: ataigeuza mioyo ya akina baba iwaelekee watoto wao, ili Bwana awekewe tayari watu waliotengenezwa. Basi sentensi yetu ina msingi wa maandiko, hapa hapa, moyo na maandalizi katika aya moja. Tazama tu sarufi yake. Kinachoandaliwa ni watu, wengi, taifa. Moyo haukuambiwa uwe safi wala mtulivu. Umeambiwa ugeuke, na umepewa upande wa kugeukia.

Mwalimu hawezi kuisoma aya hiyo bila kuona kalenda ya shule. Desemba ndipo kwa kawaida majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yanapotoka, na shule hufunguliwa Januari. Ada ya shule za serikali imefutwa, hilo ni jambo jema, lakini sare haikufutwa, wala viatu, godoro, madaftari na nauli. Kila Januari ya utumishi wangu niliwapokea watoto waliofika na barua ya kuitwa mkononi na karibu hawana kingine, kutoka nyumba ambazo wiki tatu nyuma zilichinja, zikanywa na kuvaa. Sikuwahi kumlaumu mtoto wala mama. Baba nilimwita ofisini, naye mara nyingi aliniambia kwa unyenyekevu kwamba sikukuu ilikuwa nzito, mwalimu.

Somo hilo la malaika na Zakaria husomwa tarehe 19 Desemba. Kwa kawaida ni siku ya kazi, misa ya asubuhi na mapema. Nimeihudhuria mara nyingi tangu nistaafu. Tunakuwepo akina mama kadhaa, masista, na sisi wazee wa pensheni ambao watoto wetu wamekwisha kuwa na wajukuu. Akina baba wenye watoto wa shule huwa mjini saa hizo. Ukitoka kanisani ukashuka kuelekea Soko Kuu utawakuta, wengine wakibishania bei ya mbuzi, wengine, na hao nimewahesabu pia, wakiwa na mtoto pembeni anayejaribisha viatu vyeusi.